Hedifoni Zinazobeba Muziki Ndani Yake: Tuzitumie Bila Kuumiza Masikio

Somo la robo hii kwa vikundi vya vijana, kwaya na akina mama



Vikundi kadhaa vimeleta ombi linalofanana: je, mradi unaweza kusaidia kununua zile hedifoni zisizo na waya, ambazo unachomeka memori kadi na zinapiga zenyewe, ili wanakikundi wasikilize masomo na mazoezi ya nyimbo wakiwa nyumbani au shambani? Ombi ni zuri na lina sababu za msingi. Lakini kabla ya kutumia fedha kwa kifaa chochote ni lazima tukifahamu, kama tunavyofanya kwa mbegu, pampu au jiko sanifu. Hedifoni hizi zina faida ya kweli. Zina pia hatari ambayo haionekani kwa macho, wala haiumi mpaka imeshafanya kazi yake.

Malengo ya somo

Baada ya somo hili mwanakikundi aweze:
(a) kueleza hedifoni ya namna hii inavyofanya kazi na inavyotofautiana na nyingine;
(b) kukadiria masomo mangapi yanaingia katika memori kadi moja;
(c) kueleza jinsi sauti kubwa inavyoharibu sikio, na kupanga saa zake za kusikiliza kwa wiki;
(d) kushiriki kutunga kanuni za kikundi chake.

1. Tunazungumzia kifaa gani?

Sokoni kuna hedifoni za aina tatu. Ya kwanza ina waya unaochomekwa kwenye simu au redio. Ya pili haina waya, bali hupokea sauti kutoka kwenye simu kwa njia ya Bluetooth. Hii bila simu haifanyi kitu. Ya tatu ndiyo somo letu: kipiga muziki chenyewe kimo ndani ya hedifoni. Pembeni kuna tundu la memori kadi, au kumbukumbu imejengewa ndani, na kuna vitufe vya kuwasha, kuruka wimbo, kuongeza sauti na kuipunguza. Ukishaweka nyimbo au masomo, huhitaji simu, vocha wala mtandao. Nyingi zina redio ya FM, na nyingine zina Bluetooth pia.

Kifaa hiki kimefika hapa kwa hatua. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman, kinanda kidogo cha kaseti cha kutembea nacho. Kwa mara ya kwanza watu wengi waliweza kusikiliza muziki wao wakiwa njiani bila jirani kusikia. Mwaka 1998 vilianza kuuzwa vipiga muziki vidogo visivyo na kaseti, vinavyotumia mafaili ya MP3. Mwaka 2005 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa iPod shuffle, kipiga muziki kisicho na kioo cha kuonyesha majina ya nyimbo, na mwaka uliofuata ikatoa nyingine yenye uzito wa gramu 15 hivi tu, ya kubana kwenye nguo. Kitu chepesi namna hiyo hakikuhitaji tena mfuko wala waya mrefu. Kingeweza kukaa kwenye hedifoni yenyewe. Mwaka 2009 Sony ilitoa Walkman ambayo yote imo ndani ya vipande viwili vya masikioni. Kampuni ya Apple iliacha kuuza iPod shuffle mwaka 2017, kwa kuwa simu zilikuwa zimechukua kazi hiyo. Hata hivyo, hedifoni zenye memori kadi bado zipo madukani, na kwa watu wasiotaka kumaliza chaji ya simu zina nafasi yake.

2. Sauti inakaaje ndani ya kifaa kidogo hivyo?

Ndani ya hedifoni kuna vitu vitano: betri ndogo ya kuchaji, kumbukumbu, kipande cha elektroniki kinachosoma mafaili, kikuza sauti, na spika mbili ndogo, moja kwa kila sikio.

Kinachofanya mambo mengi yaingie katika nafasi ndogo ni MP3. Utaratibu huu ulitengenezwa na watafiti, wakiwemo wale wa taasisi ya Fraunhofer ya mjini Erlangen, Ujerumani, na ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Msingi wake ni tabia moja ya sikio la binadamu: sauti kubwa hufunika sauti ndogo. Ngoma inapopigwa kwa nguvu, sauti nyororo ya zeze kando yake haisikiki, ingawa ipo. MP3 hutumia tabia hii. Huziacha au huzipunguza zile sehemu za sauti ambazo sikio lisingezisikia, na kuhifadhi zilizobaki. Kwa njia hii faili hupungua na kuwa kama sehemu moja ya kumi na moja ya lile la kwenye CD, na msikilizaji wa kawaida haoni tofauti kubwa.

Tafadhali ikumbuke tabia hii ya sikio. Tutakutana nayo tena mara mbili katika somo hili.

Sasa tufanye hesabu. Muziki wa MP3 wa ubora wa kawaida, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua takriban megabaiti moja kwa kila dakika. Maneno matupu, kama somo la kilimo au la afya, yanaweza kurekodiwa kwa nusu ya kiwango hicho na bado yakasikika vizuri. Hivyo somo la dakika 20 linahitaji megabaiti 10 hivi. Memori kadi ndogo ya gigabaiti 2 itabeba masomo kama 200 ya namna hiyo. Kikundi hakina haja ya kununua kadi kubwa ya bei ya juu. Tatizo letu si nafasi; ni kuwa na masomo mazuri ya kuweka humo.

3. Faida kwa vikundi vyetu

Kwaya. Mwanakwaya wa sauti ya tatu ambaye hajui kusoma nota anaweza kurekodiwa sauti yake peke yake, akaisikiliza akiwa anapalilia, na akaja mazoezini ameshaishika. Mwalimu hatatumia tena jioni nzima kuifundisha sauti moja wakati wengine wamekaa.

Wasiosoma na wasioona. Vijarida vyetu haviwafikii. Somo la kurekodi linawafikia bila kumtegemea mtu wa kuwasomea.

Akina mama. Mama anayepika, kufua na kuchambua maharage hana nafasi ya kukaa na kitabu, lakini masikio yake yako huru. Anaweza kurudia kipengele cha kuandaa uji wa lishe mara tatu, jambo ambalo redio ya kawaida haimruhusu.

Gharama. Kusikiliza hakuli vocha, na kunawezekana hata kule ambako mtandao haufiki.

Hizi ndizo sababu hatusemi kwamba vikundi visinunue. Tunachosema ni kwamba mnunuzi ajue bei nyingine iliyomo, isiyoandikwa kwenye boksi.

4. Sikio linavyofanya kazi, na linavyoharibika

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Huingia kwenye tundu la sikio na kutikisa kiwambo, ngozi nyembamba iliyotandazwa kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo kuna vifupa vitatu vidogo vinavyopeleka mtikisiko huo hadi kwenye kijumba kilichojizungusha kama konokono. Ndani ya konokono huyo kuna maji, na ndani ya maji zimo seli zenye vinywele, kama 16,000 hivi kwa kila sikio. Mtikisiko ukifika, vinywele hupinda, na seli hupeleka habari kwenye ubongo. Hapo ndipo tunaposema, "Nimesikia."

Fikiria shamba la mpunga. Upepo wa kawaida ukipita, mimea huinama na kuinuka. Upepo mkali ukipita, hulala, na huenda ikainuka kesho yake. Upepo mkali ukirudi kila siku, ipo ambayo haitainuka tena. Vinywele vya sikio huenda vivyo hivyo, ila kwa tofauti moja kubwa: mpunga unaweza kupandwa upya msimu ujao, lakini kwa binadamu seli hizi zikifa haziti tena. Hakuna dawa ya hospitali wala ya mitishamba inayozirudisha. Kifaa cha kusaidia kusikia hukuza sauti kwa ajili ya seli zilizobaki, lakini hakirudishi zilizokufa.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Walimaanisha mtu asiyeonyeka. Hapa methali hiyo inachukuliwa kama ilivyo.

Uharibifu huu huanzia kwenye sauti nyembamba. Mtu bado anasikia gari, ngoma na sauti nzito za wanaume, hivyo anajiona mzima. Lakini herufi kama s, f na sh zinaanza kumpotea. "Fika", "shika" na "sika" yanakuwa neno moja. Watoto wakizungumza anaona kama wananong'ona. Kanisani anasikia kwamba mhubiri anasema, lakini hajui anasema nini, hasa watu wakikohoa. Kwa mwanakwaya hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu anaanza kuimba kwa kukisia.

Hatusemi haya kwa kuwadharau ndugu zetu viziwi. Wao wana lugha yao ya alama na wana heshima yao kamili. Tunasema kwa sababu kijana aliyezaliwa anasikia anaweza kuupoteza usikivu huo kidogo kidogo bila kukusudia, akajikuta katikati ya watu ambao haelewi wanachosema, na lugha ya alama pia haijui.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni moja wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa kwa muda mrefu. Hili si tatizo la mijini pekee. Linafika kila mahali hedifoni zinapofika.

5. Kipimo: ukubwa wa sauti na muda

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Msumeno wa mashine wa kukatia magogo hufikia 110 hivi. Vifaa vingi vya kusikilizia, vikifunguliwa hadi mwisho, vinaweza kufikia desibeli 100 au kuzidi.

Jambo la kushika ni kwamba desibeli haziongezeki kama kilo za mahindi. Kila zikiongezeka 3, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa maradufu, na muda wa usalama hupungua kwa nusu. Shirika la Afya Duniani linatoa viwango hivi kwa mtu mzima, kwa wiki nzima:

Desibeli 80: saa 40 kwa wiki
Desibeli 85: saa 12 na nusu kwa wiki
Desibeli 90: saa 4 kwa wiki
Desibeli 95: saa 1 na robo kwa wiki
Desibeli 100: dakika 20 kwa wiki

Kwa watoto kiwango kimeshushwa: desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki.

Tuchukue mfano. Mwanakwaya anasikiliza mazoezi saa mbili kila siku. Akiwa kwenye desibeli 80, kwa siku saba ametumia saa 14, chini ya nusu ya kiwango chake. Akiwa kwenye desibeli 90, ameanza Jumatatu na Jumanne jioni amekwisha maliza haki yake ya wiki nzima. Siku tano zilizobaki anakula mtaji. Saa ni zile zile, wimbo ni ule ule. Tofauti ni mibonyezo michache ya kitufe.

Hapa ndipo hedifoni yenye kipiga muziki ndani inapohitaji uangalifu wa pekee. Simu nyingi za siku hizi hutoa onyo ukipandisha sauti, na nyingine huhesabu saa zako. Hedifoni inayopiga kutoka kwenye kadi yake yenyewe kwa kawaida haina kioo, haina namba wala onyo, na simu haijui kinachopita humo. Tena kwa kuwa haina waya wa kunasa wala kukumbusha, mtu huisahau kichwani, hata akalala nayo ikiendelea kupiga hadi betri iishe. Kifaa hakihesabu, kwa hiyo mvaaji ndiye mhesabu.

6. Utajipimaje bila mashine?

Hatua ya kwanza: kaa chumbani penye utulivu. Punguza sauti mpaka mwisho. Sasa bonyeza kitufe cha kuongeza, ukihesabu mibonyezo mpaka isiongezeke tena. Tuseme umepata 16. Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Asilimia 60 ya 16 ni 9 na kidogo. Hivyo kikomo chako ni mbonyezo wa 9. Kiandike kwenye kipande cha plasta na ukibandike ndani ya hedifoni.

Hatua ya pili: weka sauti unayotaka ukiwa hapo hapo penye utulivu, kisha usiipandishe ukitoka. Watu wengi hawaharibu masikio yao nyumbani, bali ndani ya daladala. Tukumbuke ile tabia ya sikio tuliyoisema: sauti kubwa hufunika ndogo. Ngurumo ya injini inafunika wimbo, msikilizaji anapandisha, na sasa sikio limebeba kelele mbili kwa pamoja. Penye kelele nyingi, zima. Wimbo utausikiliza ukifika.

Hatua ya tatu: mwulize jirani. Akiwa amesimama umbali wa mkono mmoja anausikia muziki wako? Akizungumza kwa sauti ya kawaida unashindwa kumsikia? Ikiwa jibu ni ndiyo, sauti ni kubwa mno.

Hatua ya nne: sikiliza masikio yako baada ya kuvua. Yakilia kama nyenje, au yakiwa mazito kana kwamba yamezibwa na pamba, umeshazidisha. Mlio huo ukiisha baada ya saa chache usifurahi sana. Ni onyo, na onyo halirudiwi bila mwisho. Mlio usipokwisha siku ya pili, au usikivu ukipungua ghafla, nenda hospitali mara moja, usisubiri wiki.

Katika ziara za vikundi tumemkuta kijana mwendesha mashine ya kusaga ambaye huvaa hedifoni kazini. Maelezo yake ni kwamba muziki unamkinga na kelele ya mashine. Wengi wana fikra hiyo, na ndiyo maana tunaitaja. Ili muziki usikike juu ya mashine ni lazima uwe mkubwa kuliko mashine. Hapo sikio halikukingwa, limeongezewa mzigo. Kinachokinga ni vizibo vya masikio au vifuniko maalumu vya kazi, visivyotoa sauti yoyote. Kikundi kinachomiliki mashine kinapaswa kuvinunua kabla ya kununua hedifoni.

7. Barabarani

Hii ndiyo mara ya pili. Kama wimbo unavyofunikwa na injini, ndivyo honi ya lori inavyofunikwa na wimbo. Macho hutazama mbele tu. Masikio ndiyo mlinzi wa nyuma na wa pembeni. Mwendesha bodaboda, mwendesha baiskeli, mtembea kwa miguu anayevuka barabara na mchunga ng'ombe kando ya lami, wote wakiziba masikio yao wamemfukuza mlinzi huyo.

Wako wanaosema, "Mimi huvaa sikio moja tu." Hiyo pia haitoshi. Ubongo hutambua sauti inatoka upande gani kwa kulinganisha masikio mawili. Ukiwa na sikio moja utasikia kuna gari, lakini hutajua liko wapi. Kanuni yetu ni rahisi: chombo kikiwa kinatembea, au miguu ikiwa barabarani, hedifoni iwe shingoni na imezimwa.

Vivyo hivyo kwa mama aliye peke yake na mtoto mchanga, na kwa yeyote mwenye sufuria jikoni au anayetumia panga na mashine. Asikilize kwa spika ndogo, au aache sikio lake lisikie nyumba.

8. Usafi, betri na matunzo

Vipande vinavyoingia ndani ya tundu la sikio visiazimwe. Hupeleka uchafu na vijidudu kutoka sikio moja hadi jingine. Kwa kikundi, zinafaa zaidi zile kubwa zinazofunika sikio kwa nje, na zipanguswe kwa kitambaa kilicholowekwa kidogo kwa spiriti kila zinapobadilisha mtu. Mwenye sikio linalotoa usaha asivae kabisa mpaka atibiwe.

Nta ya sikio ni kinga, si uchafu. Usiitoe kwa njiti ya kiberiti, pini wala unyoya wa kuku. Vitu hivi huisukuma ndani na vinaweza kutoboa kiwambo. Ikizidi, nenda kituo cha afya.

Betri za hedifoni hizi ni za lithiamu. Tumia chaja ya volti 5, yaani ya kawaida ya simu yenye tundu la USB. Usiunganishe moja kwa moja kwenye betri ya gari au ya sola. Usichaji juu ya godoro, na usivae wakati wa kuchaji. Ukiona betri imevimba au inapata joto kali, acha kuitumia. Usiitoboe, wala usiitupe motoni, kwa sababu inaweza kulipuka. Kikundi kiwe na kopo moja la kukusanyia betri mbovu, likae mbali na watoto, mpaka zipelekwe kwa mnunuzi wa taka za kielektroniki au mahali palipoelekezwa na halmashauri.

Mwisho, kabla ya kununua, jaribu dukani mambo manne: je, inasoma memori kadi yako? Je, sauti inaweza kushushwa hadi ndogo sana, au inaanza ikiwa tayari kubwa? Je, ukizima na kuwasha inabaki pale ulipoiacha, au inaruka juu? Je, inarudi kwenye somo ulipoishia? Inayoanza na sauti kubwa au inayoruka juu usiichukue, hata kama bei ni nzuri.

9. Kusikiliza peke yako, kujadili pamoja

Lipo jambo moja zaidi, na hili halihusu masikio. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" ilipoendeshwa kwa redio hapa Tanzania. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, redio moja katikati, wakasikiliza somo, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Redio peke yake haikuchimba choo hata kimoja. Kilichochimba ni mazungumzo baada ya redio, pale jirani alipomwuliza jirani, "Sasa sisi tunaanza lini?"

Hedifoni inaondoa swali hilo. Kila mmoja anasikiliza lake, kwa wakati wake, na hakuna anayejua mwenzake amesikia nini. Somo la lishe linaweza kusikilizwa na akina mama ishirini na lisibadilishe sufuria hata moja. Kwa hiyo kikundi kitakachopata vifaa hivi kiwe na siku maalumu ya wiki ambapo hedifoni zote zinawekwa mezani na watu wanazungumza walichosikia na watakachofanya.

10. Kanuni tunazopendekeza

Kila kikundi kitakachoomba vifaa hivi kijadili kanuni zifuatazo, kiziboreshe, na kiziandike kwenye daftari la kikundi:

1. Hedifoni ni mali ya kikundi. Mtunzaji anaandika nani amechukua na lini atarudisha.
2. Kila hedifoni ibandikwe kikomo chake cha sauti kabla ya kutolewa.
3. Kusikiliza kusizidi saa mbili kwa siku. Kila baada ya dakika 30, vua kwa dakika tano.
4. Hakuna kuvaa barabarani, kwenye chombo cha moto, kwenye mashine wala wakati wa kulala.
5. Watoto wasizitumie bila mtu mzima aliyepanga sauti yeye mwenyewe.
6. Mazoezi ya pamoja na mkutano wa kikundi hufanyika bila hedifoni.
7. Anayesikia masikio yake yakilia anarudisha kifaa na kusema, bila kuchekwa.

Hitimisho

Hedifoni yenye muziki ndani yake ni chombo kidogo kinachobeba mambo mengi. Inaweza kumfundisha mwanakwaya sauti yake, na inaweza kumwondolea uwezo wa kuisikia. Kinachoamua ni hesabu mbili: sauti kiasi gani, na kwa muda gani. Hesabu hizo hazifanywi na kiwanda wala na muuzaji. Mradi utaendelea kupokea maombi, na kikundi kitakacholeta daftari lenye kanuni zake kitasikilizwa mapema.

Maswali ya majadiliano

1. Katika kikundi chetu nani anatumia hedifoni, kwa saa ngapi kwa siku, na mahali gani?
2. Chukueni hedifoni moja. Hesabuni mibonyezo yake na mtafute kikomo cha asilimia 60. Je, ni chini au juu ya sauti mliyozoea?
3. Mwanakikundi husikiliza saa moja kila siku kwa desibeli 90. Kwa wiki amezidisha saa ngapi? Afanye nini?
4. Ni kazi gani katika kijiji chetu zina kelele kubwa? Wafanyakazi wake wanakingwaje?
5. Tukipata hedifoni tano, tutapanga siku gani ya kujadili tuliyosikia, na nani ataongoza?